Neno Lisilonyooka: Uainishaji wa Awali wa "Line"

Uchunguzi huu ulizaliwa kibarazani, mjini Tanga, katikati ya Januari 2020. Shangazi yangu alikuwa ametoka mjini miguu imemvimba. Akavua kandambili, akaketi, akashusha pumzi, akasema: "Mwanangu, nimeshinda kwenye foleni tangu saa moja kwa ajili ya laini, na mwisho wenyewe Jumatatu."

Mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye alikuwa na jaribio la Kiingereza kesho yake, aliichukua sentensi hiyo akaitafsiri kwa sauti ili ajifue. Alipofika mwisho akacheka peke yake. Foleni alikuwa ameiita "line". Laini alikuwa ameiita "line". Na ule mwisho wa Jumatatu, "deadline". Shangazi alitumia maneno matatu yaliyotoka nyumba tatu tofauti. Mwingereza angeweza kutumia moja mara tatu, na bado angeeleweka.

Watu wenye akili zao walicheka wakaendelea na chai. Mimi nikaenda kutafuta daftari.

Kwanza suala la mbinu, maana utafiti usio na mbinu ni umbea. Kamusi za Kiingereza hupanga maana za "line" kwa nambari, na nambari zenyewe hufululiza kurasa kwa kurasa: kamba, waya, reli, safu ya watu, mkunjo wa uso, ukoo, msimamo wa chama, kampuni ya meli, maneno ya mwigizaji, aina ya bidhaa dukani. Nilijaribu kuzipanga kwa kufuata historia, nikapotea. Nilijaribu kuzipanga kwa urefu, kwa kuwa jambo lenyewe linahusu mistari, nikapotea zaidi. Mwisho nikaamua kumpa kazi huyo ambaye Kiswahili humpa kazi zote, yaani kitenzi. Sikuuliza tena "line" ni kitu gani. Niliuliza mtu huifanya nini. Hapo yakajitenga makundi matano: za kushika, za kusimama, za kuvuka, za kusema na za kununua. La sita, za kuvaa, lilijileta lenyewe kwa mshonaji wangu, nami sikuwa na moyo wa kulifukuza.

Kabla ya makundi, nasaba. Neno hili asili yake ni mmea. Kilatini kiliita mmea wa kitani linum, na uzi uliosokotwa kwa kitani kikauita linea. Fundi aliyetaka ukuta ulionyooka alivuta uzi huo kati ya vigingi viwili. Baada ya muda jina la uzi likahamia kwenye alama ya uzi, na kutoka hapo kwenye kila kilichonyooka, kisha kwenye vingi ambavyo havijanyooka hata kidogo. Waingereza walilipokea neno hili mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja zamani sana kupitia ndugu zao wa lugha za Kijerumani, likiwa na maana ya kamba. Mara ya pili lilikuja na Wafaransa wa Normandy waliovuka bahari mwaka 1066 na baada yake, likiwa na maana ya mstari. Maneno mawili ya babu mmoja, yaliyopotezana utotoni, yakakutana ukubwani kisiwani Uingereza na kuamua kutumia kitambulisho kimoja. Leo ofisi yoyote ya vitambulisho ingelifungulia jalada.

Ndugu waliobaki wa ukoo huo wametawanyika. Yumo "linen", ambaye ni kitani chenyewe. Yumo "lingerie", binti aliyelelewa Ufaransa na ambaye duka lake hapa mjini lina pazia mlangoni. Yumo "linoleum", zulia la sakafuni lililotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Yumo hata ndege mdogo wa Ulaya aitwaye "linnet", ambaye kosa lake pekee ni kupenda kula mbegu hizo. Ndege anaitwa jina la chakula chake. Tukifuata desturi hiyo, nusu ya wanaume wa mtaani kwetu wangeitwa Chapati.

Hapa mtafiti wa Tanga anaruhusiwa kujivuna kidogo. Kiarabu huita kitani kattan, na Kiswahili kilipolipokea neno hilo kililigawa: kitani kikabaki kwa kitambaa, na katani ikaenda kwenye nyuzi za kufungia mizigo. Kisha mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ikawa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 zikaenea bahari za mashamba kuanzia hapa hadi Morogoro, na katani kwetu ikawa ya mkonge. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo ilipoanza kujengwa reli ya kutoka Tanga kwenda bara, ambayo kwa Kiingereza nayo ni "line". Kwa kipimo chochote cha haki, mji huu ungepewa shahada ya heshima katika neno hili. Utotoni nilipofunga tita la kuni kwa katani, mkononi nilishika maana ya kwanza kabisa ya Warumi, kasoro mmea tu, kwani mkonge na kitani hawana udugu wa damu. Wanatambuana kwa kazi, kama wapagazi.

Sasa kundi la kushika. Nilikwenda Sahare, wanakopaki ngalawa, nikamkuta mzee mmoja akiviringisha nailoni kwenye kibao. Baada ya shikamoo na habari za maji, nikamuuliza "line" kwa Kiswahili ni nini.

"Ya nini?" akauliza.

Nilidhani hakunisikia, nikarudia. Naye akarudia: ya nini? Ya kuvulia ni mshipi. Ya kufungia chombo ni amari. Risasi inayouzamisha mshipi ni chubwi. Ukitaka ya kuanikia nguo, hiyo ni kamba, kamuulize mkeo. Nilimuuliza mwashi anayejenga ukuta wa jirani, naye bila kugeuka akasema: "Ya nini? Ya kusimamishia ukuta ni timazi." Nilipomuuliza mwalimu mstaafu wa hisabati, mtu niliyemtegemea kwa uwezo wake wa kuwaza mambo yasiyoshikika, alinitazama juu ya miwani: "Line ya nini?"

Kwa hiyo naleta mbele ya wasomaji ugunduzi wa kwanza wa utafiti huu, ambao nauita Kanuni ya Sahare: tafsiri sahihi ya neno la Kiingereza "line" kwa Kiswahili ni "ya nini?" Sampuli yangu ni ya watu watatu, lakini wote watatu hawakuwasiliana.

Tukiwa bado baharini, nieleze jambo kuhusu mshipi. Neno hilohilo ni la mkanda wa kiunoni, na dada yake ni mshipa, unaopitisha damu. Waingereza walianzia kwenye mmea wakasambaa ulimwenguni. Sisi, kwa upande huu, tulijifunga kiunoni, tukaingia majini, tukapita hadi ndani ya mkono.

Kundi la kuvaa nalipita haraka. Mshonaji wangu alipoletewa swali hakuuliza ya nini, kwa sababu alikuwa ameshika koti langu. Alibinua sehemu ya ndani akasema hii Waingereza huiita "lining", wewe iite bitana. Waingereza waliipa jina hilo kwa sababu zamani upande wa ndani wa nguo uliwekwa kitani. Sisi bitana tumeichukua kwa Waarabu, kwao maana yake ni kilicho ndani, na mzizi wake unakaribiana na tumbo. Koti moja, upande wa nje Mwingereza, upande wa ndani Mwarabu, na anayelipa ni mimi.

Kundi la kusimama ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi, jambo ambalo ni la kawaida kwa kundi hilo.

Nani angedhani kwamba foleni, neno letu la kila siku, ni amri ya kijeshi? Sajini wa Kiingereza alipotaka askari wajipange alipaza sauti "fall in", na askari wetu, ambao hawakuwa na haja ya kujua kwamba amri ina maneno mawili, wakaisikia kama kitu kimoja na kuondoka nayo. Mwingereza mwenyewe akiwa kwenye kituo cha basi husema "queue", neno alilokopa kwa Mfaransa, kwake likiwa ni mkia. Sisi tuko kituoni hapohapo, nyuma ya mama mwenye ndoo ya dagaa, na bado tunatii sajini ambaye alizikwa zamani. Nadhani hii ndiyo sababu foleni ya Tanzania ina ukali fulani. Mtu akichomekea, hasemwi kwamba amekosa adabu. Hutazamwa kama mtoro wa jeshi.

Lakini foleni ina washindani. Msururu ni wa vitu vinavyofuatana, hata magari, hata matatizo. Safu ni ya waliopangwa ubavu kwa ubavu: msikitini tunaswali kwa safu, uwanjani kuna safu ya ulinzi, na gazetini mwandishi ana safu yake, ambamo husimama peke yake akijiona wengi. Msafara unakwenda, na kuhusu msafara wa mamba wahenga walishatuambia kenge hawakosi. Mlolongo ni mrefu na unachosha. Kenya uliingia hata katika siasa: mwaka 1988 wateule wa KANU walipatikana kwa wapigakura kujipanga nyuma ya wagombea wao, mchana kweupe, na jambo lenyewe likaitwa mlolongo. Palikuwa na malalamiko kwamba mlolongo mfupi ulitangazwa kuushinda mrefu, yaani hisabati mpya kabisa ya mstari, na baada ya hapo utaratibu huo haukuishi miaka mitatu. Neno halikufa. Lipo hadi leo kama jina la mji kando ya barabara ya Mombasa, nje kidogo ya Nairobi, ambako malori yalikuwa yakijipanga kusubiri mizani.

Wakenya, lazima niseme kwa masikitiko ya kitaaluma, wanaivuruga Kanuni ya Sahare. Nilipokuwa Likoni nikisubiri feri, askari alipaza sauti: "Pangeni laini!" Kwake laini ni watu. Na mjini Nairobi, ndani ya Kibera, ardhi waliyowekwa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, upo mtaa uitwao Laini Saba. Husimuliwa kwamba hapo palikuwa na mistari ya kulengea shabaha. Kumbe sajini yuleyule alituachia Watanzania amri yake, na majirani zetu akawaachia uwanja wake wa mazoezi.

Mtoto wa shule ya msingi Tanzania hujipanga mstarini. Hapo ndipo hukaguliwa kucha, huimbishwa, hutangaziwa michango na, siku mbaya, huitwa mbele. Ukimwambia mtu mzima wa umri wangu neno "mstarini", mkono wake hujificha nyuma wenyewe. Mstari huohuo, ukikua, huwa wa mbele. Tanzania, Zambia, Msumbiji, Botswana na Angola zilijiita Nchi za Mstari wa Mbele dhidi ya utawala wa makaburu, na Mwalimu Nyerere akawa mwenyekiti wake. Ukiangalia ramani, Tanzania haikupakana na Afrika Kusini wala Rhodesia. Ilikuwa mstari wa mbele ulio nyuma, na hakuna mwanajiometria aliyethubutu kulisema hilo Dar es Salaam.

Nisimame hapa kidogo kwenye neno mstari, kwa kuwa lina kisa ambacho walimu hawakutusimulia. Kiarabu huita chombo cha kupigia mistari mistara. Tulipolichukua jina hilo hatukukipa chombo. Tuliupa mstari. Kisha chombo kikabaki bila jina, ikabidi twende kwa Mwingereza tukaazime rula. Na mstari wenyewe Mwarabu huuita khatt, ambao sisi tuliuchukua pia, tukaugeuza hati: hati ya nyumba, hati ya kusafiria, hati ya mashtaka. Mfuatano ni huu: jina la rula likawa mstari, jina la mstari likawa karatasi ya serikali, na rula ikatoka London. Mtu akiniambia Kiswahili hukopa ovyo, nitamwonyesha mpangilio huu nimuulize kama ovyo huweza kuwa na utaratibu kiasi hicho.

Kundi la kuvuka lina damu, nalo halina utani mwingi. Kaskazini ya Tanga, baada ya Horohoro, kuna mstari ambao hauonekani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuuvuta kutoka mdomo wa Mto Umba hadi Ziwa Viktoria. Ukiutazama kwenye ramani, unakwenda kama uliopigwa kwa rula hiyohiyo ya kuazima, kisha unafika Kilimanjaro unapinda, kisha unanyooka tena. Watu hupenda kusema kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake Wilhelm. Wilhelm alikuwa bado hajawa Kaisari mwaka 1886, akawa mwaka 1888, kwa hiyo zawadi hiyo ingetangulia sherehe. Wadigo walikuwa pande zote mbili za mstari kabla haujapigwa, na wapo pande zote mbili hadi leo. Wanaoana, wanazikana, wanauziana maembe. Kwao huo si mstari bali ni mpaka, neno lenye undani kuliko "line": mpaka huulizwa hadi wapi, na una mwisho wa adabu pia. Mtu akikukosea heshima umwambie amevuka mpaka. Siku hizi redio husema amevuka "mstari mwekundu", kana kwamba kosa lake ni la kuchora.

Na lile la Jumatatu ya shangazi? "Deadline" halikuanzia ofisini. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kambi ya mateka ya Andersonville huko Georgia ilikuwa na uzio mdogo wa mbao ndani ya ukuta mkubwa. Mateka aliyeugusa au kuuvuka alipigwa risasi bila onyo. Huo ndio ulikuwa mstari wa kufa. Karibu watu 13,000 walikufa katika kambi hiyo, wengi kwa njaa na maradhi, na msimamizi wake Henry Wirz alinyongwa Novemba 1865. Miongo kadhaa baadaye waandishi wa habari wa Marekani walilichukua neno hilo wakaiita hivyo saa ya mwisho ya kupeleka makala. Mhariri wangu hulitumia. Kwa sababu hiyo sikuwahi kumlaumu kwa ukali wake, anafuata historia ya neno. Kiswahili kinasema tu "tarehe ya mwisho", na mtu husogea nayo, hata tarehe yenyewe husogea: usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019 ulipaswa kukoma 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari. Uzio wa Andersonville haukusogea hata inchi.

Za kusema ni chache lakini zinajua thamani yao. Mstari wa shairi ni mshororo, na mshororo, kama kamusi zinavyokiri bila aibu, ni pia watu waliopangana. Washairi wetu waliona kwamba silabi 16 za mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao, ni watu 16 waliosimama kusubiri vina, na hairuhusiwi mmoja kuchomekea. Vijana wa muziki wa kufoka hawana mishororo, wana mistari, na huichana. Nairobi mvulana humrushia msichana mistari. Dar humpigia saundi. Saundi nayo ni ya Mwingereza, lakini haikuwa na maana hiyo kwake. Kuhusu mwigizaji aliyesahau "lines" zake, sisi husema amesahau maneno, nami sioni tulichopoteza.

Yako pia makabila ya maneno yaliyounganishwa, nayataja kwa heshima tu. "Airline" ni shirika la ndege. "Headline" ni kichwa cha habari. "Guideline" ni mwongozo, na mwaka 1971 TANU iliutoa Mwongozo wake kwa herufi kubwa. "Pipeline" ni bomba, isipokuwa Nairobi, ambako ni mtaa wenye magorofa na nguo nyingi kwenye kamba. "Linesman" alikuwa mshika kibendera kwa miaka yote ya utoto wangu, kisha mwaka 1996 sheria za soka zikampandisha cheo akawa mwamuzi msaidizi, na Kiswahili kikakubali hilo redioni na kulikataa uwanjani.

Tunafika kwenye kundi la tano, lile la kununua, ambalo ndilo lililomvimbisha shangazi miguu.

Tuangalie hesabu ilivyo. Kiingereza kilipotuletea "line", kilikuta nafasi zote zimejaa. Kwenye bahari kuna mshipi, ukutani timazi, kwenye nguo bitana, barabarani foleni, mpakani mpaka, kwenye shairi mshororo. Ikakaa nje karibu karne nzima, ikibisha hodi. Ikaingia kwa mlango mmoja tu Tanzania: ikawa kadi ya simu. Laini. Nina laini mbili, laini yangu imefungiwa, nimepoteza laini naenda kuirudisha, usajili laini kwa kidole, huyu ana laini ya uwakala, yule ana laini ya chuo ingawa alimaliza chuo watoto wake hawajazaliwa, na anayo kwa sababu vifurushi vyake ni vya bei ya chini. Upo pia ule msemo wa laini ya siri, isiyojulikana na mke, ambayo hutumika kwa ajili ya mchepuko, na mchepuko ni njia iliyopinda. Naliacha hapo, jiometria ina mipaka yake.

Ilipoingia ilikuta kiti kina mtu. Laini alikuwepo. Alikuja zamani kutoka Kiarabu, kwa maana ya kisicho kigumu: ugali laini, sauti laini, ngozi laini. Ana watoto na wajukuu, kulainisha na kulainika, na mmoja wao, kumlainisha afisa, amekuwa akitafutwa na TAKUKURU. Wageni wawili, mmoja wa jangwani, mwingine wa kitani, wamevaa kanzu moja. Kwa mujibu wa sarufi hakuna kinachonizuia kwenda dukani na kuomba "laini laini". Nilijaribu, kwa ajili ya sayansi. Kijana wa dukani alinitazama kwa huruma akaniuliza kama nataka ya chuo. Nilipofika nyumbani niliijaribu kwa meno, na naripoti kwamba ni ngumu.

Hata hivyo si ugumu ulionikosesha usingizi. Angalia maneno mawili "laini ya simu" jinsi yalivyo. Laini, tumeona, ni uzi wa kitani. Simu imetoka kwenye neno la Kiajemi kwa waya, kwa sababu wazee wetu waliiona kwanza kama waya wa telegrafu uliotandazwa juu ya nguzo. Kwa tafsiri ya uaminifu, shangazi alipanga foleni siku nzima kwa ajili ya uzi wa waya. Na ndani ya kitu hicho hakuna uzi, hakuna waya. Ni kipande cha plastiki chenye kidoa cha dhahabu, na kazi yake yote ni kumwezesha mtu kuongea bila uzi na bila waya. Kadi 300 za mwanzo kabisa za aina hiyo ziliuzwa mwaka 1991 kwa kampuni moja ya Finland, na kampuni hiyo ilikuwa ikiitwa Radiolinja. Ndiyo, linja ni "line". Wafini nao walikuwa na teknolojia isiyo na mstari, wakaenda kuipa jina la mstari. Baadhi ya Waarabu nao kadi hiyo huiita khatt, mstari uleule uliozaa hati zetu.

Hapa naleta ugunduzi wa pili, ambao nadhani utanipatia mwaliko katika kongamano fulani, ikiwezekana lenye posho. Katika maana zote za "line" zilizopita mbele ya Watanzania, zile za kushikika tulizirudisha zote, kwa sababu zilikuwa na majina. Tuliipokea moja, ile ambayo haina mstari wowote wa kuitwa. Niliipeleka nadharia hiyo Sahare. Mzee wa nailoni alinisikiliza hadi mwisho, akafunga ndoana, akasema: "Ile ya simu? Ile ni laini. Hiyo hatuulizi ya nini." Hii haipingi Kanuni ya Sahare. Inaifunga.

Wapo watakaosema, na mpwa wangu amekwisha kusema, kwamba sasa kuna laini zisizo na hata kadi, zinazoingizwa kwenye simu hewani, na kwamba nadharia yangu itachakaa kabla haijachapishwa. Namwambia asubiri. Neno lililoanza kama bua la mmea likaishia kuwa kitu kisichokuwepo limetimiza safari yake vizuri, na mtafiti hahitaji zaidi.

Shangazi alisajili laini yake tarehe 18, Jumamosi. Nilikwenda kumtazama jioni. Alikuwa amepumzika, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, na aliponiona akaniambia ana nyingine ya akiba, ameiweka mahali salama, nisimwambie mtu. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Ndani yake kulikuwa na noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne, na ndani ya noti, laini.

Nilitoa daftari mara moja. Baada ya karne zote hizo, uzi ulikuwa umerudi kwenye nguo. Nilimwomba aniruhusu nishike kanga, nikaipapasa upindo kwa upindo, nikaigeuza, nikaitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Vipi, baba?" akauliza.

Ilikuwa pamba.